Kitunguu Kisichotoa Machozi

Msusi alipenda maua kupita kiasi. Mumewe, fundi cherehani, alimtania kila siku: "Ungenibembeleza mimi hivyo, ningenenepa!"

Siku moja mteja alimletea Msusi matunguu mawili ya maua ya kigeni. Tunguu hufanana na kitunguu, ila humo hutoka ua. "Yakauke kwanza, ndipo upande," alimwambia. Msusi akayaweka kwenye kapu la vitunguu jikoni, kwa sababu lilipitisha hewa vizuri. Kisha akaenda kusuka.

Aliporudi, mumewe alikuwa anafuta sahani kwa mkate.

"Mayai ya leo machungu," alisema. "Na kitunguu chako cha ajabu! Nimekikata chote, hata chozi halijanitoka."

Msusi alitazama kapu. Lilikuwa limebaki tunguu moja.

"Mume wangu, umekula ua!"

Fundi alicheka. Hakucheka sana. Jasho lilimtoka, mate yakamjaa kinywani, akajikunja akishika tumbo.

Msusi alipiga kelele. Jirani yao, muuguzi, akaja mbio na kumkuta Msusi anakoroga maji ya chumvi.

"Weka chini hicho kikombe! Usimtapishe, utamwongezea madhara. Asuuze kinywa, ateme. Chukua tunguu lililobaki, daktari alione. Twende hospitali!"

Njiani Fundi alitapika tena na tena. Mkono wake ulikuwa baridi. Msusi aliogopa kumtazama usoni, na aliogopa zaidi kuacha kumtazama.

"Usiniache," Msusi alimnong'oneza.

Hospitalini Fundi alitundikiwa dripu. Msusi na yule muuguzi wakakaa kwenye benchi.

"Atapona?"

"Tumewahi, dada. Lakini matunguu mengi ya maua yana sumu. Usiyaweke kamwe pamoja na chakula. Yaweke juu, peke yake, uandike jina. Ukiyashika, nawa mikono."

"Hili nalitupa!"

"Ulitupe wapi, mtoto alikute? Lipande mahali pasipotuama maji. Shingo yake ibaki juu ya udongo. Na kila mtu nyumbani ajue haliliwi."

Fundi alirudi nyumbani mnyonge, lakini mzima. Wakalipanda pamoja. Lilipochanua, jekundu, pana kama sahani, wapita njia walisimama kulitazama. Fundi alilitazama kwa mbali.

Asubuhi moja Msusi alisikia mayai yakikaangwa. Akakimbilia jikoni, roho mkononi.

"Umekata nini?"

Fundi aligeuka. Macho mekundu, machozi yanamtiririka.

"Kitunguu, mke wangu. Tazama ninavyolia!"

Msusi akacheka, akakaa chini. Naye machozi yakamtoka, na hakuwa amekata kitu.