Mara Ishirini kwa Dakika Moja

Kila Jumanne saa kumi jioni, Pilipili akisharudi kutoka shuleni, kazi yake ilikuwa ileile: kufungua pazia, kuegemeza simu kwenye jagi la maji, kisha kukaa kando. Kwenye simu alitokea mtaalamu wa mazoezi ya viungo kutoka hospitali ya mbali, ambaye nyumba nzima ilimwita Daktari. Babu, aliyekuwa ameugua mapafu, alikaa kwenye kiti cha mbao, akakunja mikono kifuani, akawa anasimama na kukaa kwa dakika moja. Kwa idadi hiyo, Daktari alijua mwili wake umepata nguvu kiasi gani.

Zamani Pilipili ndiye aliyehesabu. Wiki ya mitihani alimwachia mdogo wake, Chiriku, na Chiriku, kwa mdomo wake usio na breki, akamteka Daktari.

"Karani wangu yuko wapi?" Daktari huuliza siku hizi, na karani si Pilipili. Roho ilimuuma. Mtoto wa miaka saba, hata kufunga kamba za viatu anababaisha, ndiye wa kusifiwa!

Jumanne hiyo Babu alivaa aproni yake ya kushonea viatu tangu mchana. Akifikisha mara ishirini, angeruhusiwa kurudi kibandani kwake kazini. Wiki iliyopita alifika kumi na tisa.

Pilipili, kijicho kimemjaa, alibadilisha kiti. Alileta kile kifupi cha jikoni, akakitandika kitambaa kilekile cha kiti cha mbao. Kuinuka kutoka chini ni kazi, hesabu itashuka, aliwaza, na Daktari atasema Chiriku hajui kuhesabu. Alijiona mjanja kweli.

"Mbona leo kiti kimekimbilia chini?" Babu alitania.

"Ni uzee, Babu!" Chiriku akacheka, akaanza kuhesabu. Dakika ilipokwisha, alisema kwa sauti ndogo, "Kumi na mbili."

Daktari hakucheka. "Mzee, na mimi nilikuwa nahesabu. Umeshuka sana. Habari ya kazi tuiache. Kesho uje hospitali, huenda tukakulaza."

Babu alifungua aproni taratibu, akaikunja, akaiweka mapajani. Chiriku akaangua kilio.

Pilipili aliruka mbele ya simu. "Daktari, usikate simu! Babu haumwi. Ni kiti, nimekibadilisha mimi." Akakivuta kitambaa. "Nilimwonea wivu Chiriku."

"Kiti kikipungua urefu hata kidogo, kipimo chote ni bure," Daktari alisema kwa ukali. "Ningemlaza mtu asiyeumwa! Mzee, pumzika nusu saa, tujaribu tena."

Kiti cha mbao kilirudishwa. Safari hii Babu alipofika kumi na saba, pumzi zilimpanda. Kumi na nane. Kumi na tisa. Pilipili aliuma kidole.

"Ishirini!" Chiriku alipiga kelele.

"Nusu siku tu kazini, mzee, na usibebe mizigo," Daktari alisema, akitabasamu hatimaye.

Pilipili alimwomba mdogo wake radhi, naye akasamehe papo hapo, maana alikuwa na mengi ya kusimulia. Kisha Babu akamwita Pilipili karibu.

"Sikupigi," alisema. "Lakini kumbuka, mjukuu wangu, wivu hauna shabaha. Ulimlenga mdogo wako, ukanipata mimi."