Mifuko ya Hewa ya Bakari na Jicho la Zamzam

Jumatano, tarehe 12 Aprili 1995. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na asubuhi hiyo upepo kutoka ziwani ulikuwa ukisukuma mawingu taratibu kuelekea milima ya Nandi. Pale Nyamasaria maji yalisimama katika kila shimo la barabara, na vyura walikuwa hawajanyamaza.

Bakari alikuwa akifunga turubai juu ya Landrova yake. Mkewe Zamzam alikuwa akiwamiminia chai wanawake waliokuwa wakisafiri kwenda soko la Awasi. Aliyepita hapo angesema nyumba ile imebarikiwa. Ni kweli ilikuwa imebarikiwa, ndugu zangu, lakini baraka nayo inahitaji mlinzi. Nisikilizeni niwaeleze jinsi nyumba ile ilivyokaribia kuangamia, na mlinzi wake alikuwa nani.

Kazi ya Bakari ilikuwa kubeba bidhaa za watu hadi Awasi, kisha kupanda vijiji vya milimani ambako lori hukwama kwenye tope. Mizani hakuwa nayo. Mzigo ulipimwa kwa mkia wa gari. Kila siku ya soko Zamzam alisimama nyuma, mikono kiunoni, akitazama gari likishuka kadiri magunia yalivyopanda. Likifika pale alipopajua yeye, alisema, "Baba Rehma, basi. Limeketi." Hapo hata ungelia, gunia lako lingebaki chini. Watu walinung'unika, lakini hakuna abiria wa Bakari aliyewahi kulala njiani. Mimi nilimheshimu sana mama yule kwa neno lake hilo moja.

Gari lilizeeka, na springi zake za nyuma, zile za koili, zikachoka. Bakari akamwendea Chege, muuza spea mjini. Chege akamwonyesha mifuko miwili ya mpira.

"Hii inaingia katikati ya koili," alisema. "Unajaza hewa kama tairi. Gari inasimama sawa, taa haziangalii mbinguni. Lakini sikia, Bakari. Hii ni ya kusaidia koili. Ekseli ni ile ile, breki ni ile ile. Usiongeze mzigo hata kidogo."

"Nimesikia."

"Umesikia ama umeitikia tu?"

Bakari akacheka, akaichukua.

Nisiseme uongo, kifaa kile kilikuwa kizuri. Gari halikugonga tena tumbo kwenye mashimo, na taa zikamulika barabara badala ya matawi ya miti. Rehma, binti yao, aliketi nyuma bila kugonga kichwa. Tulimshukuru Mungu kwa akili aliyowapa mafundi wa dunia hii.

Siku ya soko ikafika. Zamzam akasimama nyuma kama kawaida, akangoja gari liketi. Halikuketi. Magunia yakaongezwa. Halikuketi.

"Mama Rehma, kazi yako imeisha!" Bakari akamwambia mbele ya watu. "Siku hizi gari halina mkia!"

Watu wakaangua kicheko. Zamzam alichukua sinia lake la chai akaingia ndani.

Tangu hapo tamaa ikakaa kwenye usukani. Kila aliyeleta gunia alipokelewa. Gari likaanza kuyumba kwenye kona kama mtu aliyetoka kilabuni. Breki ikataka kukanyagwa mapema, na likirudi milimani lilinuka mpira ulioungua. Nyumbani Bakari akawa mkali. Sala ya magharibi ilimkuta barabarani. Rehma akakataa kupanda gari la baba yake. Zamzam aliomba kwa dini yake, nasi majirani tukaomba kwa yetu, na Mungu ni mmoja.

Sasa turudi kwenye ile asubuhi ya Jumatano. Gari lilikuwa limejaa hadi juu, na bado Apiyo, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa akipandishwa juu ya magunia, mtoto wake mchanga mgongoni. Zamzam aliweka birika chini.

"Baba Rehma, punguza."

"Nipunguze nini? Gari limesimama sawa. Huoni?"

"Gari naliona. Mzigo ndio siuoni."

"Mama, tuachie mambo ya magari," Bakari akasema, akapanda kwenye usukani.

 Zamzam alizunguka nyuma, akainama kando ya bampa, mahali penye valvu za ile mifuko miwili. Akachomoa pini kwenye mtandio wake, akaibonyeza valvu ya kwanza, kisha ya pili. Hewa ikatoka kwa kelele.

"Yawa! Tairi inapasuka!" Apiyo akapiga ukelele.

Hapakupasuka kitu. Gari lilishuka polepole, kama mama mjamzito anayetafuta mahali pa kuketi. Lilishuka, likapita pale tulipopazoea, likazidi kushuka, hadi bampa likakaribia matope na pua ikatazama mawinguni.  Kumbe huo ndio uzito tuliokuwa tukiukalia kila wiki!

Joram, mwendesha baiskeli ya abiria, ndiye aliyesema wa kwanza. "Bakari! Hiyo sasa ni ndege. Ngoja basi tufunge mikanda!"

Bakari akaruka chini, uso umemwiva. "Umeniaibisha, Zamzam! Mbele ya wateja!"

"Nimekuaibisha ukiwa hai," Zamzam akajibu. Hakuondoka pale. "Mtoto wa Apiyo yuko juu ya hayo magunia. Akianguka kwenye mteremko, utamwambia mamake kwamba gari lilikuwa limesimama sawa?"

Apiyo hakungoja jibu. "Nishusheni," alisema. "Mungu wangu, Nyasaye, anisaidie, nishusheni haraka."

Kwa kuwa mifuko ilikuwa imeishiwa hewa kabisa na huenda koili zimeibana, ikabidi mzigo wote ushushwe ili hewa ijazwe upya. Bakari alilala chini kuangalia kama mifuko imebanwa ndani ya koili. Alikaa huko muda mrefu. Alipoita, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Mama Rehma. Njoo uone."

Chuma kinachoshika ekseli kilikuwa kimepasuka karibu chote, na ufa wenyewe uling'aa, mpya. Kilichobaki kilikuwa chembamba kama ukucha. Siku hiyo gari lilikuwa literemke kutoka milimani likiwa na watu. Apiyo alipoonyeshwa, alimshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia kifuani, akalia. Zamzam hakumcheka mumewe. Alimletea maji ya kunawa mikono.

FUNZO

Ndugu zangu, msaada wa kubeba si ruhusa ya kuongeza. Mwenye koili zilizochoka na aitie ile mifuko, ni mizuri. Lakini apakie kwanza ikiwa na hewa kidogo tu, aone gari limeshuka kiasi gani, na ndipo ajaze hewa. Mzigo usioonekana haujapungua. Tena, katika kila nyumba Mungu huweka mtu mmoja wa kusema "basi". Ukimnyamazisha mtu huyo kwa kicheko, umezima taa ukiwa safarini. Zamzam alichekwa, na bado alisema. Nawaombea kina mama na kina baba wa mji huu ujasiri kama wake.

Gari lilipotengenezwa, Bakari alituita sote mbele ya nyumba yake. Chege alikuwapo, Joram pia, na Apiyo na mwanawe. Bakari alivua kofia, akamgeukia mkewe, akasema kwa sauti iliyofika hata ng'ambo ya barabara:

"Zamzam, nilikucheka mbele ya watu, basi na wasikie watu hawa. Naahidi mbele ya Mungu na mbele yao, sitawasha tena gari hili nikiwa nimebeba mzigo ambao ningetaka wewe usiuone."