Kitundu cha Fundi Laini

Praima, ile rangi ya kwanza ya chini, ilikuwa imekauka vizuri mwili mzima wa gitaa, isipokuwa pale kwenye kitundu kimoja cha mbao. Jana fundi alikijaza puti ya kuzibia mashimo, akakipiga msasa, akapulizia praima juu. Leo kilikuwa wazi tena, na puti imemwagika mezani kama vile mtu ameisukuma kutoka ndani.

"Achana nacho," mkewe alimwambia akiwa mlangoni, binti yao mchanga begani. "Kitundu chenyewe hata msumari haupiti. Nani atakiona?"

"Mimi nitakiona."

Ndiyo maana mtaani walimwita Fundi Laini. Huyo bwana kwa kujisikia, acha tu! Mbao ya gitaa hilo aliiokota kwenye nyumba iliyobomolewa, ilikuwa mlango mzito wa zamani, na sasa alitaka mtu akiipapasa adhani ameshika kioo. Chumba cha nyuma alikizungushia nailoni na tepu ili vumbi lisiguse rangi yake.

Mke akaenda zake chumba cha pili kumlaza mtoto. Fundi akachanganya puti na gundi, akainama. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia kutoka kwenye kitundu, kisha pumzi ya moto ikamgusa shavuni. Mwenye akili angekimbia. Yeye akashindilia puti kwa ncha ya kisu, akasubiri ikauke, akapiga msasa, akapuliza praima, halafu rangi nyekundu, tabaka juu ya tabaka. Jua lilipopinda, aligeuzageuza lile gitaa na hata yeye hakujua tena kitundu kilikuwa wapi.

"Nimekukomesha," alisema, akacheka peke yake.

Alipogeuka atoke, mlango haukuwa na ufa. Ile nafasi kati ya mlango na fremu ilikuwa imejazwa kitu cheupe, kikapigwa msasa, kikawa sawasawa na ukuta. Alisukuma kwa bega. Wapi!

"Mume wangu," mkewe aliita kwa sauti ya chini nyuma ya ukuta, "dirisha huku limeziba. Mlango pia. Unafanya nini huko?"

"Sifanyi kitu."

Ndipo sauti ya tatu ikauliza taratibu, kutoka ndani ya gitaa: "Mlango wangu uko wapi?"

Nailoni ikavutwa ndani, ikasukumwa nje, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Mzibulie!" mke alinong'ona, naye ameisikia sauti ile, sasa analia. "Mtoto ana kitu cheupe puani, nakitoa kinarudi, zibua haraka!"

"Sipaoni! Nimepalainisha, sipaoni!"

Akapapasa mbele, akapapasa nyuma, akakwangua kwa kucha hapa na pale huku jasho likimwingia machoni, na kila alipogusa palikuwa laini, laini kuliko kazi yoyote aliyowahi kufanya maishani mwake, na kilio cha mwanawe nyuma ya ukuta kikazidi kuwa kidogo, kikawa kama cha mtu aliyefunikwa mto, mpaka akanyakua msumeno na kuukata mwili wa gitaa katikati huku akipiga kelele, "Toka! Toka uende, mlango huo!"

Upepo wa moto ukampita, nailoni ikachanika, na mlango ukafunguka wenyewe. Kule chumba cha pili mtoto alikohoa, kisha akalia kwa nguvu zote. Jamani, furaha ile! Walimkumbatia wote wawili wakiwa wameketi sakafuni.

Mke alipomwogesha ndipo alipokiona, kisogoni, chini ya vinywele: kitundu cha mviringo, kisicho na damu wala kidonda. Fundi alikisogezea kidole. Pumzi ya moto ikamgusa ncha ya kidole, akaurudisha mkono upesi.

Sasa binti huyo anatembea. Hata baridi iwe kali namna gani, hakuna mtu nyumbani mwao anayethubutu kumvisha kofia.