Maelezo ya Somoe

Kila siku baada ya kipindi cha mwisho, kwaya ya darasa la sita ilifanya mazoezi na Mwalimu Anselmo. Kwa miaka miwili, aliyeongoza nyimbo alikuwa Somoe. Mwaka huu, mahafali ya darasa la saba yalipokaribia, mwalimu alimchagua Demetria.

"Kisa kaka yake staa," Somoe alinong'ona.

Brightson, kaka yake Demetria, alikuwa mwimbaji wa bongo fleva, na nyimbo zake zilisikika Tandale nzima. Wanafunzi walimgombania Demetria, wakitaka kujua kaka yake anakula nini na anaamka saa ngapi. Somoe alikuwa amekaa naye dawati moja tangu darasa la tatu, lakini sasa hata nafasi ya kumsemesha hakuipata. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Demetria aliimba vizuri kweli.

Jumatatu moja habari zikaenea: Brightson amekamatwa. Alituhumiwa kumgonga kwa gari mama muuza matunda kule Pugu na kukimbia. Mama huyo alikuwa hospitalini, hajitambui. Redio ziliacha kupiga nyimbo za Brightson, na tamasha lake la Mbweni likafutwa.

Demetria hakuja shuleni. Somoe alijisikia furaha, akaionea haya, lakini hakuifukuza. Wakati wa mapumziko wenzake walimzunguka, maana nyumba yao na ya kina Demetria zilitazamana.

"Wewe jirani yao, umeona nini?" Mwinshehe alimuuliza.

Hakuwa ameona chochote. Lakini macho yote yalikuwa kwake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

"Mie nililiona gari," akasema. "Taa ya mbele imevunjika. Kaka yake anaosha damu, Demetria anammwagia maji."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo. Siku ya tatu Somoe aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alimkuta mama yake, Bi Nusaiba, na askari wa kike aliyeitwa Afande Sesilia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mwanangu. Usiogope. Niambie ulichokiona tu."

Somoe akarudia yaleyale. Afande aliandika taratibu, kisha akamsomea: "Mimi, Somoe Marijani, nilimwona Demetria akimmwagia kaka yake maji wakati akiosha damu kwenye gari." Akamsogezea karatasi. "Kama ni kweli, andika jina lako hapa. Nikitoka hapa nakwenda kumhoji Demetria."

Somoe alishika kalamu. Alimfikiria Demetria akiulizwa habari za damu ambayo haikuwapo. Akaiweka kalamu mezani.

"Sikuona," akasema huku akilia. "Nilidanganya. Namwonea wivu."

Bi Nusaiba akainamisha kichwa. Afande alipiga mstari karatasi nzima. "Umewahi," akasema. "Kidogo tu ungemtia mwenzio matatani."

Jioni hiyo mama alimpeleka kwa kina Demetria.

"Watu wananiita muuaji mdogo," Demetria alisema mlangoni. "Unajua hilo?"

"Nisamehe, Deme."

"Sijui kama nitaweza."

Kesho yake Somoe alisimama mbele ya darasa akaeleza ukweli wote. Wengine walimzomea. Alivumilia mpaka mwisho. Wiki iliyofuata Demetria alirudi akaongoza kwaya, na Somoe akaimba mstari wa pili. Wivu ulimchoma bado, lakini aliimba. Siku ya mahafali Demetria alimsogelea, wakasimama bega kwa bega.

Muuza matunda alikwishazinduka, ila kesi ya Brightson ilikuwa bado mahakamani.

"Mwalimu, kwani kaka yake ana hatia?" Somoe aliuliza wakikusanya viti.

"Sijui," Mwalimu Anselmo alijibu. "Kama alimuumiza yule mama, lazima awajibike. Mahakama itapima ushahidi wa walioona. Wewe hukuona, ulitamani tu iwe hivyo. Wivu utakujia tena, mwanangu, hata sisi wakubwa hutujia. Ukija, njoo uniambie, au mwambie mama yako, au ulie mpaka uchoke. Ila usiuachie ulimi wako useme badala yako."