Kibali cha Kupiga Sufuria

Sogeeni karibu, wenzangu, maana jambo hili linatuhusu sote, hata wewe unayejifanya unasoma kwa kupitisha muda tu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida katika jengo la ghorofa tatu. Chini kabisa, mlango wa kwanza, mama mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake akitia kola mashati ya shule. Mumewe, fundi bomba, alikunywa chai huku akikata vipande vya mpira vya kuzibia koki. Binti yao alikuwa akitafuta kiatu kimoja, na wazazi wote wawili wakimwambia kipo palepale alipokivua. Ilikuwa nyumba ya watu wasio na makuu.

Ndipo redio ikatangaza. Mkuu mpya wa nchi alikuwa ameshafunga magazeti na kuwafukuza mahakimu wasiomtii. Sasa aligeukia ngozi za watu. Watu wa rangi ya yule fundi, ilisema redio, si wenye nchi, na wangechukuliwa "kuhakikiwa". Fundi alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapo, na babu yake kazikwa katika ardhi hiyohiyo. Mkewe alikuwa wa rangi inayotakiwa. Binti yao, basi, hakuna aliyejua angewekwa fungu gani.

"Wanichukue mimi?" Fundi akacheka. "Bila mimi jengo hili litanuka mpaka ikulu."

Mkewe akaizima redio.

Wiki hiyohiyo gari la kijivu la askari lilikuja kumchukua kinyozi wa ghorofa ya pili, naye wa rangi ya fundi. Hakuna aliyepanga lolote. Mama mshonaji alinyakua sufuria na mwiko, akasimama mlangoni akaanza kupiga. Juu wakaitikia, majirani wa kila rangi, jengo zima likawa kelele tupu. Watu wakamiminika wakakaa kwenye ngazi, wamebanana, askari wakakosa pa kukanyaga. Askari wale wanapenda kufanya kazi yao kimyakimya. Wakaondoka. Walirudi siku nyingine, wakapigiwa tena, wakaondoka tena. Mnaona? Dawa ilikuwa imepatikana, na ilikuwa jikoni kwa kila mtu.

Sasa jengo lile lilikuwa na mwenyekiti, karani mstaafu waliyemwita Mzee Taratibu, mtu ambaye hata kabla ya kupiga chafya anaomba radhi. Msimchukie. Hakuwa mbaya, na kwenye ngazi alikaa kama wengine. Lakini aliitisha kikao.

"Tumefanya vizuri," alisema, "ila tunaonekana wahuni. Tuombe kibali. Tukiwa na kibali, nani atatugusa?"

Mama mshonaji akasimama, sindano bado imechomekwa kifuani. "Mzee wangu, shikamoo. Hao wanaokuja kumchukua mume wangu ndio tukawaombe ruhusa ya kuwazuia?"

"Marahaba, mwanangu. Hasira haijengi. Sisi ni wastaarabu."

Neno hilo liliwaingia watu. Wenye kazi maofisini walikuwa wameanza kuogopa, na hapo wakapata mahali pazuri pa kuificha hofu yao. Mikono ikanyooshwa. Hata fundi alinyoosha wake, maana hakutaka kuonekana analeta vurugu kwa ajili yake mwenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kibali kilitoka haraka ajabu. Ofisa alikigonga muhuri huku akitabasamu: wakazi wanaruhusiwa kupiga sufuria Jumamosi alasiri, katika uwanja wa mpira, mradi wasipige siku nyingine wala mahali pengine. Wakashangilia! Jumamosi walienda, wakapiga mpaka mifuniko ikabonyea, uwanja mtupu ukiwasikiliza. Walirudi wamechoka na furaha, wakisema serikali sasa imesikia.

Jumanne asubuhi fundi alikuwa jikoni kwa Mzee Taratibu, kalala chali chini ya sinki, akifungua bomba lililoziba. Gari la kijivu likasimama nje. Safari hii askari walibisha hodi, tena kwa mwenyekiti kwanza. Na Mzee Taratibu, kwa mazoea ya maisha yake yote, akaitika, "Karibuni."

Mama mshonaji aliposikia mumewe akiita, alitoka na sufuria akapiga. Alipiga peke yake. Milango ilifunguka, majirani wakatokea wakiwa na sufuria mikononi, wote wakamtazama mwenyekiti.

"Mzee, sema neno!" alilia mama mshonaji. "Sema wapige!"

Mzee alichomoa kibali mfukoni. "Leo si siku yetu, mwanangu. Tukivunja masharti watatunyima kibali. Tukitulia, kesho tutaenda ofisini kumwombea."

Ngazi zilikuwa wazi. Fundi alishushwa akiwa bado na spana mkononi, maji machafu yakimchuruzika. Alipompita mkewe alisema tu, "Mwangalie mtoto." Gari likaondoka.

Kesho yake walienda ofisini kweli, wamevaa vizuri. Waliambiwa hakuna mtu kama huyo. Mwisho wa mwezi kinyozi naye akachukuliwa, na safari hiyo hata milango haikufunguka. Kisha binti wa fundi aliitwa mbele ya darasa, akapimwa rangi ya mkono kwa kadi yenye vipimo vya rangi, akaambiwa asirudi shule. Sasa anashinda ndani, mapazia yamefungwa. Siku moja mama yake alimkuta akijisugua mkono kwa jiwe la kuogea mpaka damu. Alimkumbatia, kisha akaufunga mkono ule kwa kipande cha kitambaa.

Jumamosi bado watu huenda uwanjani. Wanazidi kupungua. Mzee Taratibu hufika wa kwanza, na kila anapokutana na mama mshonaji huinamisha kichwa.

MAFUNZO

Wenzangu, anayemkandamiza jirani yako kwa sababu ya rangi yake hawezi kuwa ndiye wa kukupangia siku ya kumtetea. Mkikubali akupangieni, mmeshamkabidhi jirani yenu. Umoja wa jengo lile ulikuwa na nguvu pale tu ulipokuwa mlangoni, saa ileile gari lilipofika. Ustaarabu unaomwacha mtu achukuliwe mbele ya macho yenu ni woga, hata ukiwa na muhuri.

Mama mshonaji bado hajui mumewe yuko wapi. Mkimwona akipita, msimwambie avute subira.