Jedwali la Tano la Dokta Ngollo

"Asali imefika Kigwa. Mizinga bado imefungwa."

Sauti ya Mkuu wake ilikwaruza ndani ya sikio la Anifa, chini ya mtandio. Akakohoa mara moja. Maana yake: nimesikia.

Asali ilikuwa bunduki, mizinga makasha yake. Shehena ya AK-47 zilizolazwa chini ya magunia ya mpunga, ndani ya Fuso lililopenya porini kwa njia ya zamani ya misafara na kujificha mahali fulani karibu na Kigwa. Mahali gani hasa, Idara ya Usalama, iliyomtuma Anifa, haikujua. Aliyejua alikuwa ameketi mstari wa mbele ukumbini, hapa Kanyenye, amekunja nne, suti ya kijivu, saa ya Omega mkononi.

Bwana Harlan. Mfadhili wa kongamano.

Mpango wake ulikuwa mwepesi. Matokeo ya utafiti yasomwe, redio iyarushe moja kwa moja, wakulima na wafugaji wa Ziba waanze kuogopana. Mwenye hofu hununua silaha. Harlan angeziuza pande zote mbili.

"Anifa, njoo kidogo."

Alikuwa Dokta Nestory Ngollo, mtoa mada, mtu wa Nzega aliyezeeka katika kazi ya kuuliza wananchi maoni yao. Kwake Anifa alikuwa msaidizi wa utafiti tu. Hakujua lolote kuhusu Idara. Mkewe, Adelina, alikwisha kumfanya Anifa mdogo wake wa hiari. Hakuna Jumapili aliyoachwa ale peke yake.

"Jedwali la tano linanisumbua," Dokta alinong'ona. "Uchambuzi wamefanya watu wa Harlan, mimi nimeletewa leo asubuhi. Wewe ndiye uliyesimamia mahojiano Ziba. Majibu yalikuwa makali kiasi hiki?"

Hayakuwa.

Anifa alijua tangu juzi, alipochungulia kompyuta ya watu wa Harlan. Vichwa vya safu mbili vilikuwa vimebadilishwa: waliosema wafugaji wabaki wameandikwa kuwa wanataka waondolewe kwa nguvu. Alipompigia Mkuu, alijibiwa kwa ufupi. Mwache asome. Harlan hatatoa amri mpaka asikie kwa masikio yake, na simu yake ndiyo itakayotuonyesha lori. Redio tutaikata kabla.

"Yalikuwa makali, Dokta."

"Una hakika?"

"Shemeji, kwani nimewahi kukudanganya?"

Dokta akatabasamu. Akamgusa bega, akapanda jukwaani.



Dokta alieleza sampuli, akaeleza dodoso, akafika jedwali la tano. Kwenye kioo kikubwa nguzo nyekundu ikasimama.

"Asilimia themanini na nane ya wakulima wa Ziba," alisoma, sauti ikimpungua, "wanataka wafugaji waondolewe kwa nguvu."

Ukumbi ulilipuka.

Mzee Luhende, mfugaji aliyealikwa kutoka Ziba, alisimama. "Mwanangu, unasema watu wangu wanataka kunifukuza? Jirani yangu ndiye aliyeniazima jembe juzi!"

"Mzee wangu, hizi ni takwimu," Dokta alisema.

Harlan aliinuka. Akatoka nje taratibu, mkono mfukoni.

Anifa akamfuata.

Kwenye veranda ya nyuma Harlan alichomoa simu ya setilaiti, Thuraya. Anifa alijibanza nyuma ya tangi la maji. Mkobani alikuwa na kizuia mawimbi kidogo kama kiberiti. Hakukiwasha. Simu hii ilipaswa ifike.

"Fungueni mzigo," Harlan alisema kwa Kiswahili kizito. "Anzeni na Ziba."

Sekunde zilivuta miguu.

"Tumelipata!" Mkuu akafoka sikioni. "Nyuma ya stesheni ya Kigwa. Vijana wanaingia. Mchukue!"

Harlan aligeuka. Wakaonana.

Mlinzi wake, pande la mtu aitwaye Godbless, alitokea mlangoni na bastola mkononi. Anifa hakumngoja. Alimtupia mkoba usoni, akaingia chini ya mkono wake, akaukunja mpaka kiwiko kikalia. Bastola ikaanguka. Goti moja, Godbless akakaa chini.

Harlan alikuwa amefika kwenye ngazi.

"Hatua nyingine moja," Anifa alisema, Glock 19 aliyoichomoa kiunoni imenyooka, "utashuka ukiwa umelala."

Harlan akainua mikono. Askari kanzu wawili waliokuwa getini wakamtia pingu.

"Mizinga yote tunayo," Mkuu alisema. "Kazi safi."

"Redio mlikata?"

Mkuu akaanza kutoa amri kwa vijana wa Kigwa.

"Mkuu, redio mlikata?"

"Tungekata, angeshtuka. Huko Ziba watu wameanza kukusanyika na mapanga. Polisi wako njiani. Wewe ondoka. Hujulikani, hukuwepo."

"Na Dokta?"

"Dokta atajitetea."

Mapanga. Kwa uongo aliouthibitisha yeye.

"Ukipanda jukwaa hilo," Mkuu alisema, kama aliyemwona, "umejimaliza."

Anifa alichomoa kidude sikioni, akakidumbukiza ndani ya tangi. Akaingia ukumbini, akaichukua maikrofoni mkononi mwa Dokta. Taa ya redio ilikuwa bado inawaka.

"Watu wa Ziba, nisikilizeni. Ni mimi niliyekuja majumbani mwenu kuuliza maswali. Jedwali lililosomwa limegeuzwa. Themanini na nane kati ya kila mia mlisema jirani abaki. Abaki! Aliyeligeuza amekamatwa sasa hivi, na bunduki alizotaka kuwauzia zimekamatwa Kigwa. Rudini nyumbani."

Mzee Luhende aliomba maikrofoni. Akataja majina ya majirani zake wakulima, mmoja mmoja, akawaamkia, akasema yuko njiani anarudi. Baada ya muda mwandishi wa redio aliinua simu yake juu, akatangaza alichopigiwa. Ziba walikuwa wanatawanyika.

Watu walipiga makofi. Dokta hakupiga.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Jana ulikula kwangu."

"Ndiyo, Dokta."

"Na leo nimekuuliza. Nimekuuliza mara mbili, Anifa."

Dokta alianza kukusanya karatasi zake. Zilimponyoka. Anifa aliinama kumsaidia.

"Ziache," Dokta alisema.

Akaziacha.

Nje jua lilikuwa kali. Alivaa miwani ya Ray-Ban, akashuka ngazi polepole. Land Cruiser nyeupe ya Idara ilikuwa inaunguruma ng'ambo ya barabara. Simu yake ikaita.

Adelina.

"Mdogo wangu! Nimekusikia redioni, moyo umenipasuka. Mko salama nyote?"

"Tuko salama, dada."

"Alhamdulillahi, ndivyo mnavyosema nyie. Mwambie shemeji yako asichelewe. Nimepika kuku, mje wote."

"Yeye atakuja. Mimi nimepata safari."

"Safari gani ya ghafla? Basi nakuwekea. Ukirudi utakula."

"Ahsante, dada."

Akakata. Akaitoa laini, akaivunja vipande viwili, akavitupa mtaroni. Kisha akavuka barabara kuliendea gari la Idara, bila haraka, bila kugeuka.