Mbembelezaji wa Nyumba Tupu

Ada Hargreaves, aliyepakana ukuta na mama yangu kule Burnley, Uingereza, alikuwa uani akianika nguo, maana ilikuwa Jumatatu na kila mwanamke wa mtaa ule wa viwanda vya pamba alikuwa akifua. Kiangazi cha 1911 kilikuwa kikali hata vyoo vya uani vilinuka mpaka jikoni. Mwanawe Wilfred, ambaye hata kukaa alikuwa hajajua, alilala ndani, nzi wameizonga chupa yake ya maziwa.

Akalia. Kisha akanyamaza ghafla.

Ada aliingia. Nyumba ya upande wa pili, iliyohamwa tangu Pasaka, ilitoa sauti ya mwanamke akibembeleza, na ya kitanda cha mtoto kikibembea sakafuni. Wilfred aliukazia macho ukuta. Alikuwa anatabasamu.

Ada alimfuata Mama Nuttall, jirani wa ng'ambo, aliyekuwa ameshazika watoto wake wawili kiangazi kile.

"Nani kahamia pale?" alinong'ona.

"Na wewe umemsikia?" Mama Nuttall alimshika mkono. "Wangu walimpenda. Mtoe mtoto humo, mwanangu."

"Nimpeleke wapi? Kote kunanuka hivi hivi."

"Basi usimwache anyamaze."

Jioni hiyo Wilfred alianza kuhara. Ada alimpa maji ya shayiri, akamwimbia kwa nguvu ili aizime ile sauti ya ukutani. Mtoto hakumtazama hata mara moja.

Kesho yake mchana Jabez, mumewe, alichukua nyundo ya kuvunjia makaa ya mawe akauvunja mlango wa ile nyumba. Ada alimfuata hadi kizingitini.

Sakafu tupu. Vumbi lisilo na unyayo.

Jabez aligeuka, uso umempauka.

"Ada," alinong'ona, "ukiwa humu, sauti inatoka kwetu."

Ada alikimbia. Alipofungua mlango wake, kulikuwa kimya. Wilfred amegeukia ukuta, tabasamu lingali mdomoni. Mwili umeshapoa.

Walimzika bila kelele. Mtaa ulikuwa umechoka kulia.

Baada ya mazishi Ada aliona katikati ya godoro lao bonde dogo, kadiri ya mtoto. Aliligusa. Lilikuwa na joto. Akalikung'uta godoro, bonde likarudi. Jabez akalichoma godoro, bonde likatokea kwenye jipya.

Miaka mitatu baadaye Ada alimwonyesha mama yangu. Bonde lilikuwa limerefuka, kadiri ya mtoto wa umri wa kukimbia. Na nyuma yake palikuwa na jingine, refu, la mtu mzima aliyelala ubavu, amemkumbatia.